Mrija wa Mkandarasi

Ninafundisha mahusiano kazini katika chuo kimoja hapa Kasulu. Watu wakiniuliza hicho ni kitu gani, huwaambia ni somo la namna mwajiri na mwajiriwa wanavyopaswa kuishi pasipo kuumizana. Wengi hucheka. Mwenye duka mmoja aliwahi kuniambia kwamba somo langu ni refu mno kwa jambo fupi: mwenye nacho anasema, asiye nacho anaitikia. Nilimwambia ana akili nyingi, na tangu siku hiyo vocha nanunua kwingine.

Kabla ya kufundisha nilikuwa saidia fundi. Nilibeba zege kichwani. Wanafunzi wangu hawaamini, kwa sababu wananiona na miwani na viatu vya kisigino kifupi, wanadhani nilizaliwa ofisini. Ushahidi ninao utosini. Pale ilipokuwa ikikaa ngata, nywele zangu mpaka leo zinaota kwa kusitasita, na msusi wangu wa sokoni huvuta nywele za pembeni zipafunike huku akinipa pole ambayo sijamwomba. Nimeshamwambia aache pole, asuke.

Tulikuwa Kibondo wakati huo, mama na mimi. Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Burundi kabla sijazaliwa, wakakaa, wakalima, na baada ya miaka mingi wakapewa uraia. Baba hakuufaidi, alifariki nikiwa mdogo. Mama alilima mashamba ya watu mpaka makambi ya wakimbizi yalipoleta ujenzi: maghala, madarasa, zahanati. Wakandarasi wakaanza kutafuta wanawake wa kubeba zege, kwa sababu, walisema, wanawake hawagomi na hawaji kazini na ulevi wa jana. Mama akaenda. Nilipomaliza kidato cha nne nikafaulu, na ufaulu wenyewe ukakosa wa kuulipia, nikamfuata.

Mafundi wana msemo kwamba zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe siku ileile, na njaa ya mbebaji si sababu. Tulipanga mstari kutoka kwenye mashine hadi juu ya jengo, tukipanda ngazi ya mbao iliyofungwa kwenye mirunda. Unainama, karai linajazwa, wenzako wanakusaidia kulipandisha kichwani, unapanda, unamwaga, unashuka upande wa pili, unainama tena. Maji ya saruji yanakuchuruzika shingoni na kukuunguza taratibu, na usiku ngozi inakuwasha hadi unakosa usingizi. Mama alinifundisha kusokota ngata kwa majani makavu ya mgomba na kuivisha kitenge juu. Ngata ya kitambaa kitupu, alisema, hulala upande mmoja. Alinifundisha pia nisitazame chini. Wanawake wa Kiha walianzisha wimbo, nasi wenye asili ya ng'ambo tukaudaka, maana lugha ni karibu moja, na fundi mkuu aliyetoka Mwanza alitutukana kwa Kiswahili asijue kwamba wimbo mzima ulikuwa unamhusu yeye.

Katika ngazi ile kulikuwa na ubao mmoja ulioliwa na mchwa. Wote tuliujua na wote tuliuruka. Asubuhi ya siku yenyewe mama alimwonyesha msimamizi kwa kidole, na msimamizi akasema utabadilishwa mchana. Mchana haujafika, mwanamke aliyekuwa mbele ya mama alisimama ghafla, na mama, na karai lake limejaa, hakuwa na pengine pa kuweka mguu. Akaukanyaga.

Nyonga ilivunjika. Mashine haikuzimwa. Walimbeba wakamweka kivulini, nikakaa naye nikimpepea kwa kipande cha mfuko wa saruji, na wenzetu wakaendelea kupita na makarai yao wakitutazama kwa pembe ya jicho, mpaka gari lilipopatikana. Wenzetu siwalaumu. Msimamizi ninamlaumu hadi leo, na ubao ule ningeweza kuuchora ukinipa kalamu.

Mama aliporudi kutoka hospitali, mkandarasi alikuja nyumbani na chungu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Kwetu, watu wakikoseana, aliyekosa huleta chungu. Kinawekwa katikati mbele ya majirani. Aliyekosa anatumbukiza mrija, anavuta yeye kwanza, kisha anampa aliyekosewa mrija uleule. Akiupokea na kuvuta, neno limekwisha. Hapaandikwi kitu na hapasomwi hukumu. Mashahidi nao wanavuta kwa zamu, na atakayelifufua jambo lile baadaye, hata akiwa mtoto wa aliyekosewa, yeye ndiye anageuka kuwa mchokozi. Ni desturi nzuri sana kati ya majirani wawili ambao mbuzi wa mmoja wamekula maharage ya mwingine. Kati ya mkandarasi na mbeba zege ni kitu kingine kabisa, lakini kwa kuwa chungu ni kilekile na mrija ni uleule, watu wetu hawaoni tofauti, na wakandarasi wenye akili walishagundua kwamba hawaioni.

Kabla majirani hawajaingia, mkandarasi alikaa na mama peke yao kwa muda. Nilidhani anampa pole. Kisha majirani wakaitwa, mama akapokea mrija akiwa amelala ubavu, akavuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimchukia yule bwana kwa nguvu zangu zote. Sikujua sheria hata moja, nilijua ubao tu. Wageni walipoondoka nikamuuliza mama kwa nini amekubali. Akanijibu kwamba amekunywa, basi, na nisimuulize tena.

Haukupita muda mkandarasi akaniita, akaniambia nisibebe tena zege, nikae stoo. Stoo ilikuwa na kiti, meza na dirisha. Kazi yangu ilikuwa kugawa sepetu asubuhi na kuzipokea jioni, kuhesabu mifuko ya saruji, na kutwa nzima iliyobaki hakuna aliyenisumbua. Nikaleta vitabu. Nilisoma kidato cha tano na cha sita humo stoo, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata mkopo wa serikali wa kusoma chuo kikuu. Kule nilichagua mahusiano kazini kwa sababu ya ubao ule, na profesa aliponiuliza kwa nini nisisome sheria ya biashara yenye ajira, nilimjibu vibaya.

Nimeisimulia habari ya stoo mara nyingi, hata kwenye mahafali, na kila mara nilisema kwamba mkandarasi aliuona mwandiko wangu akatambua nina kichwa. Watu hupiga makofi wakisikia hivyo. Mimi mwenyewe niliipenda hadithi hiyo.

Basi nikapangiwa Kasulu, nikaanza kufundisha. Nilikuja na moto. Nilidhani nitawafundisha watoto wa wabeba zege, nao watarudi kwao na kuwa ngao. Wachache wamekuwa hivyo. Wengi wamekuwa maofisa utumishi. Mmoja alikuja ofisini kwangu kutoka Buhigwe, amevaa tai, ameniletea na asali, kunishukuru: alikuwa ameachisha kazi walinzi wote wa mahali anapofanyia kazi, na kwa kuwa alifuata utaratibu niliomfundisha hatua kwa hatua, hakuna mlinzi aliyeweza kumshinda popote. Asali ile nilimpa mfagizi.

Kila mwaka huwapa wanafunzi swali moja lilelile. Mwanamke mmoja huko Kibondo, mbeba zege, ameanguka kwa sababu ya ubao mbovu ambao msimamizi alishaonyeshwa. Mwajiri amemletea chungu nyumbani, naye amekunywa. Je, amepoteza haki yake ya fidia? Wanafunzi wanaandika. Wanasema kibarua naye ni mfanyakazi. Wanasema haki ya fidia haiwezi kuachwa kwa makubaliano ya namna hiyo, yawe ya maandishi au ya mrija, na kwamba mwanamke huyo hakupaswa kunywa, na hata baada ya kunywa bado angeweza kudai. Naweka vema. Kila mwaka wanafunzi wangu humshindia mama kesi yake, na mama yuko Kibondo anatembea kwa kuegemea fimbo.

Kiangazi kilichopita chuo chetu kilianza kujenga ukumbi. Zabuni ilikwenda kwa mkandarasi yuleyule. Si ajabu. Hapa kwetu, kutoka Kibondo hadi Buhigwe, ukiona tofali juu ya tofali, mkono wake umo. Amenenepa, ana magari, na ameokoka. Kutoka darasani kwangu nilikuwa naiona mirunda ikipanda na mstari wa wanawake ukipanda nayo, ngata vichwani. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo kumwambia kwamba wanawake wale hawana kofia ngumu wala viatu, na ngazi yao haina pa kushika. Alisema atalifikisha. Sina shaka alilifikisha, maana siku iliyofuata zililetwa kofia chache, zikavaliwa na mafundi.

Mwanamke mmoja akaanguka siku ya kumwaga zege. Nilisikia wimbo ukikatika. Nilikuwa darasani, na kabla sijafika dirishani nilikuwa nimeshajua. Safari hii ubao haukuwa na mchwa, ulikuwa umeteleza kwa kuwa kamba iliyoufunga ilikuwa kuukuu. Mguu wake ulivunjika juu na chini ya goti. Mashine haikuzimwa.

Baada ya siku chache mkuu wa chuo aliniita. Si mtu mbaya. Alikuwa amekwenda hospitali kumwona mgonjwa na machungwa. Lakini ukumbi ulitakiwa kukabidhiwa kabla ya ugeni fulani kutoka wizarani, na uchunguzi wa ajali ungesimamisha kazi.

"Mwalimu, wewe ni wa kwao," aliniambia. "Mkandarasi yuko tayari kuwapelekea hicho chungu chenu Jumapili. Nenda ukae nao, ulainishe mambo. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikamuuliza kama anakumbuka mimi nafundisha nini hapa chuoni. Akasema anakumbuka vizuri, ndiyo maana ameniita mimi.

Nilikubali kwenda. Sikwenda kulainisha. Yule mwanamke anakaa nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Mtabila ilikokuwa kambi. Ni wa rika langu. Naye ni wa asili ya ng'ambo kama mimi, alipata uraia, akapata mume, mume akaenda migodini asirudi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka ukutani, mguu umefungwa plasta ngumu hadi pajani. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alituletea chai akakaa nasi. Anafanana na mama yake, ila macho yake hayajachoka.

Nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba mwajiri anawajibika, kwamba ukibarua si kosa, kwamba mimi mwenyewe nitamsaidia kuandika na nitasimama naye mwanzo hadi mwisho, na kwamba chungu kikija Jumapili asiupokee mrija. Sikumbuki kama nimewahi kufundisha vizuri namna ile darasani. Binti alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Ego," mama yake alisema mwishowe. Ndiyo. "Nitakungoja wewe, mwalimu. Jumapili uwepo."

Niliondoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipoajiriwa. Nikaona nitafanya jambo moja zaidi: nitakwenda Kibondo kumchukua mama, aje akae kwenye mkeka karibu na yule mwanamke, na mkandarasi akiinua mrija auone uso wa mama na ile fimbo yake. Nilishaipanga tamthilia nzima kichwani.

Jumamosi nilimkuta mama uani anapukuchua maharage. Tukasalimiana, nikampa sukari na dawa yake ya kuchua, nikaanza kusimulia. Nilisimulia kwa hasira na ufasaha. Nilipofika mahali pa kumwomba aje Kasulu, alikuwa ameacha kupukuchua.

"Siwezi kuja," alisema. "Nilikunywa."

Nikamwambia yale ninayowaambia wanafunzi, kwamba kunywa kule hakukuwa na nguvu yoyote, kwamba alidanganywa, kwamba mkandarasi alitumia desturi yetu kumnyang'anya haki yake akiwa amelala na maumivu, asijue la kufanya.

Mama akacheka kidogo, cheko ambalo sikulipenda.

"Nani alikwambia sikujua?" akasema. "Aliingia peke yake akaniuliza nataka nini. Nikamwambia, nyonga imeshavunjika, hairudi. Mtoe mwanangu kwenye zege, mpe mahali pa kukaa asome. Akasema sawa. Ndipo nikamwambia awaite watu."

Nilimuuliza kuhusu stoo. Nikauliza kijinga tu: kwa hiyo stoo?

"Ulidhani stoo ilikuja yenyewe, mwana wanje?" Mwanangu.

Nilikasirika. Ningependa kuandika kwamba nililia au nilimkumbatia, lakini nilikasirika. Nilimwambia hakuwa na haki ya kufanya hivyo bila kuniuliza. Nilimwambia tungedai, tungeshinda, angetibiwa nyonga vizuri katika hospitali kubwa na angetembea. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza ni nani angedai, maana wakati ule mimi nilikuwa msichana mwenye karai kichwani na yeye alikuwa kitandani, na ofisi ya kudaia hakuna aliyejua iko mji gani. Yeye hakuona kosa lolote. Alikuwa na kitu kimoja kilichovunjika na kingine kizima, akatoa kile kilichovunjika ili kizima kitoke salama. Alisema hivyo huku akirudia kupukuchua maharage, kama anayeeleza bei ya kitenge.

Nilirudi Kasulu jioni hiyohiyo. Njia nzima nilijiona mtupu. Vyeti vyangu vyote, shahada, kile kiti cha stoo, hata hiki Kiswahili ninachokiandika, vimepita kwenye nyonga ya mama yangu, na mimi nimekuwa nikisimama mbele ya vijana kila mwaka na kuwauliza yule mwanamke alikosea wapi. Na sikujua hata ningemwambia nini mwenzake wa Kasulu kesho yake.

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika. Kwa kuwa familia ile ni ya walokole, na mkandarasi naye siku hizi ni mlokole, chungu hakikuwa na urwagwa. Kilikuwa na mutobe, maji matamu ya ndizi ambayo hayajachachuka, na mirija ilikuwa ile ya plastiki ya kunywea soda, ya rangi rangi. Mchungaji aliomba. Aliombea amani na umoja na kukamilika kwa ukumbi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango, na mkandarasi aliponiona alifurahi kweli, akasimama kunipa mkono.

"Huyu mwalimu ni mtoto wangu," aliwaambia watu. "Nimemlea mimi, stoo kwangu pale Kibondo. Mwulizeni."

Watu wakanitazama kwa heshima. Wiki moja kabla ya hapo ningekuwa na jibu.

Akachukua mrija, mwekundu, akautumbukiza, akavuta, akaupangusa kwa leso yake safi, akamnyooshea yule mwanamke. Mwanamke hakuupokea. Aligeuka akanitafuta, na watu wote wakageuka kufuata macho yake.

"Mwalimu," alisema, "nikikataa, kesho binti yangu atakula wapi?"

Nilijua kila kitu kuhusu hatua za madai. Nilijua pa kuanzia, nani anajaza nini, nani anasikiliza, na kwamba kwa mtu mwenye bahati jambo lile huchukua miezi, na kwa asiye na bahati sitaki kusema. Nilijua pia kwamba mkandarasi akikasirika hakuna karai lingine kutoka hapa hadi Kitanga litakalomfaa binti yule. Nikamwambia mama wa watu kwamba sheria iko upande wake.

"Sikuuliza sheria," alisema. Hakusema kwa ukali. Akamrudia mkandarasi. "Na binti?"

"Aje kesho," mkandarasi alisema.

"Stoo?"

Sikuwa nimemsimulia habari ya stoo. Alikuwa ameisikia sasa hivi, kutoka kinywani mwa mkandarasi mwenyewe, pamoja na wote waliokaa pale. Mkandarasi akacheka kwa upole, akasema stoo ina mtu tayari, kijana wa shangazi yake. Aanze na wenzake, alisema, kwenye zege, halafu tutaona.

Nilidhani atakataa. Nasema kweli, katika dakika ile nilimwomba Mungu akatae. Mama yangu alipata kiti na dirisha, na huyu anapewa karai lilelile lililomvunja. Lakini alikuwa amefikisha hesabu zake mahali ambapo mimi siwezi kufika kwa sababu ninalipwa kila mwisho wa mwezi. Aliupokea mrija akavuta. Alivuta mara moja, kidogo sana, akaurudisha.

Watu wakapumua, wakaanza kuzungumza. Mrija ukazunguka kwa mashahidi. Uliponifikia nilisema tumbo linanisumbua. Ndivyo nilivyosema, mimi mtaalamu wa mahusiano kazini. Mchungaji akanipa pole, akampa aliyekaa pembeni yangu, na mambo yakaendelea bila mimi. Wakati wa kuagana binti alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama ni kweli kwamba ngata ya majani ya mgomba ni bora kuliko ya kitambaa. Nikamwambia ni kweli. Nikamwonyesha inavyosokotwa na kuvishwa kitenge, pale pale barabarani, kwa majani niliyoyachuma kwenye mgomba wa jirani, na nikamwambia asitazame chini.

Mkuu wa chuo alinishukuru Jumatatu kwa barua pepe, akanakili kwa naibu wake.

Jumatatu hiyo nilikuwa na kipindi asubuhi, na mada ilikuwa fidia kwa aliyeumia kazini. Sikuipanga iwe siku hiyo, ilikuwa kwenye ratiba. Niliandika ubaoni lile swali la mwanamke wa Kibondo, wakajadiliana, kisha kijana mmoja hodari akasimama kujibu. Alijibu vizuri. Alitaja vifungu. Alisema makubaliano ya chungu ni batili, na kwamba mwanamke yule, kwa kukosa elimu, hakupaswa kunywa, akanywa. Wenzake waliitikia kwa vichwa. Nje mashine ilikuwa inanguruma, na mstari ulikuwa unapanda. Niliitambua ngata kabla sijamtambua aliyeibeba, kwa sababu kitenge kilikuwa kimezungushwa kama ninavyozungusha mimi.

Miaka yote hapo ndipo ninaposema vizuri sana, kaa. Safari hii nilimwacha amesimama.

"Na binti yake?" nilimuuliza.

Alitazama ubao, akasoma swali upya kutoka juu hadi chini. Wenzake nao wakasoma.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Swali halijataja binti."

Ni kweli, halijamtaja. Nililitunga mwenyewe.